Gurudumu la Nyuma, Upande wa Bibi

Juzi nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha mafuta nikingoja zamu yangu, mara lori lililosheheni mahindi likaingia huku linafuka moshi kwenye matairi ya nyuma. Watu wakaziba pua. Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga akahamisha sinia lake huku analalamika. Mimi miguu ikanipeleka kulekule kwenye moshi, nikasimama karibu na tairi nikavuta pumzi, mpaka utingo akaniuliza kama kuna mtu ninamtafuta. Nikamwambia hapana, endelea na kazi yako mwanangu. Ningemwambia nini? Kwamba kwa watu wengine hiyo ni harufu ya breki zinazoungua, kama ya kwato iliyotiwa motoni, ila kwangu mimi ni harufu ya bibi yangu?

Nieleze vizuri, maana bibi hakuwa mtu wa kunuka. Alinukia sabuni ya mche na moshi wa jikoni, kama bibi zenu wote. Harufu ninayoisema ilitoka chini yake, kwenye gurudumu la nyuma la kushoto la pikapu ya baba, na ilitoka kila mara alipopanda. Hilo la kila mara alipopanda nililigundua mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, nikiwa na miaka tisa hivi, na likanikosesha raha msimu mzima wa baridi.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba zamani zile mtaa mzima uliweza kuwa na gari moja, na gari hilo likawa kama la ukoo. Baba alikuwa seremala. Tulikaa Izia, kule pembeni mwa mji wa Sumbawanga ambako nyumba zinaishia na mashamba ya maharage yanaanza. Pikapu yake aliinunua misheni ikiwa imeshachoka, rangi ya bluu imebaki milangoni tu, na kwa sababu ya kule ilikotoka sisi watoto tuliiita Padre. Mama hakulipenda jina hilo, alisema tutapata laana. Lakini ungemwona Padre asubuhi ya baridi, anavyokohoa weee kabla ya kuwaka, halafu anaondoka taratibu bila kumpita mtu yeyote, usingetafuta jina jingine. Hata mama mwenyewe nilimsikia siku moja akimwambia jirani kwamba kuni hazitakuja leo kwa sababu Padre hana mafuta.

Padre alikuwa na kilema kimoja kilichojulikana na wote: hakuwa na hendibreki. Mkono wake ulikuwepo, umetokea sakafuni katikati ya kile kiti kirefu cha mbele, chuma chenye kichwa cha mviringo na kitufe juu yake. Lakini siku ya kwanza tu baba alipoujaribu mlimani, gari lilirudi nyuma kama vile hakuna kilichovutwa. Tangu hapo hakuugusa tena. Kumsimamisha Padre kulihitaji jiwe, na mwenye jiwe nilikuwa mimi. Tukisimama tu, nilitambaa juu ya mapaja ya abiria, nikatokea dirishani, nikachukua jiwe kule nyuma, nikalisukuma chini ya tairi na kupiga kelele, "Tayari!" Ndipo baba anaachia pedali. Nilikuwa na cheo, jamani, na nilikitumia vizuri kuwaringia watoto wa majirani.

Bibi Gaudensia, mama yake mama, alikuja kukaa nasi miguu yake ilipoanza kumsumbua. Alikuja kwa sharti moja: kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, apelekwe kwake kijijini, njia ya Mwimbi, akafungue nyumba yake, aone ulezi wake, afagie kaburi la babu, kisha jioni arudishwe. Nyumba isiyofunguliwa, alisema, hufa kabla ya mwenyewe. Baba alikubali hata kabla hajamaliza kusema. Alikubali kupitia kwangu, kwa sababu baba na bibi hawakuwa wakizungumza.

Hawakuwa wamegombana. Walikuwa wanaheshimiana. Ukwe kwetu Ufipa, hasa kwa watu wa umri wa baba, haukuwa jambo la mchezo. Bibi akivuka uwanja, baba aligeukia ukuta wa karakana yake kama mtu aliyesahau kitu ukutani. Baba akitokea, bibi alijivuta khanga usoni. Salamu ilipita kwangu. Baba alichuchumaa kule, kampa bibi mgongo, akapiga makofi taratibu na kusema kwa sauti ambayo hata kuku waliisikia, "Mwambie bibi yako shikamoo." Namgeukia bibi, ambaye yuko hatua nne tu kutoka pale: "Bibi, baba anasema shikamoo." Naye ananisubiri nimalize, kana kwamba barua imetoka mbali, mji wa Chala, ndipo anajibu, "Mwambie marahaba, na mwambie pole kwa kazi."

Sasa watu wawili wa namna hiyo utawapakiaje kwenye kiti kimoja cha pikapu? Baba hakutaka kusikia habari ya mkwe wake kukaa nyuma kwenye upepo, maana wenyewe mnaujua upepo wetu ule wa mwezi wa sita unaokata nyasi uwanda mzima bila mti wa kuuzuia. Mama ndiye aliyepata jawabu. "Mtoto atakaa katikati," alisema, "heshima haitavunjika." Basi nikawa ukuta. Kulia kwangu baba, shingo kaikaza upande wake wa dirisha mpaka nilidhani siku moja itabaki hivyo hivyo. Kushoto bibi, kajifunika, anatazama nje mashamba na ng'ombe wa wale wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Kioo cha pembeni upande wa bibi kilishavunjika, na nina hakika baba alishukuru.

Bibi alikuwa mwoga wa gari. Hilo hakumwambia mtu, ila mimi nililijua, kwa sababu alinifunika miguu kwa kitenge chake kizito, na chini ya kitenge hicho mkono wake wa kulia ulipita juu ya magoti yangu na kukamata kile chuma cha katikati, kidole gumba juu ya kitufe, vilevile alivyokamata mkongojo wake. Barabara ikiinama, anakivuta kwake. Tukiingia kwenye mashimo, anakivuta kwake. Mimi niliona ni sawa kabisa. Sikuwahi kumwona baba akikitumia, na niliamini kabisa kwamba kiliwekwa pale kwa ajili ya wazee. Tukifika alikiachia, kikaanguka chenyewe, naye akachukua mkongojo wake wa kweli na kuanza kuuliza nani ameacha mbuzi waingie kwenye ulezi.

Mara ya kwanza gurudumu lilipofuka moshi, tulikuwa ndiyo kwanza tumesimama kijijini. Nilikuwa nimeinama na jiwe langu, harufu ikanipiga usoni. Baba alikuja, akasogeza mgongo wa mkono karibu na chuma, akautoa haraka. Kisha akatema mate kidogo. Mate yakalia chwii na kupotea.

"Breki imeng'ang'ania," alisema. "Si kitu. Nikifika nyumbani naifungua."

Na kweli aliifungua. Baba hakuwa fundi magari, lakini alikuwa na imani kwamba kitu chochote kilichotengenezwa na mikono kinaweza kueleweka kwa mikono. Alinyanyua Padre kwa jeki, akatoa tairi, akagonga na kugonga mpaka likatoka dramu, lile bakuli zito la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake akanionyesha vile vipande viwili vilivyojipinda kama mwezi mchanga. Hivi, alisema, ukikanyaga pedali vinatanuka na kulibana bakuli kwa ndani, ukiachia springi zinavirudisha. Visiporudi, vinasugua, na kinachosugua kinapata moto. Akapuliza vumbi, akapiga msasa, akabadilisha springi. Akazungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka kwa uhuru kama pia.

Jumamosi iliyofuata ya bibi, likaungua tena.

Hapo akaitwa Fundi Deus kutoka mjini, mwanamume mrefu mwenye utani mwingi ambaye aliamini matatizo ya dunia nzima yanatokana na hewa kwenye mabomba. Mimi nikawekwa kwenye usukani, nikininginia kwenye kile kiti ili mguu wangu ufike chini. "Kanyaga!" anapiga kelele kutoka uvunguni. "Shikilia! Achia! Kanyaga!" Wakatoa hewa. Wakabadilisha raba za kile kisilinda kidogo cha gurudumu. Wakatazama beringi. Halafu wote watatu tukatoka kwenda kumjaribu Padre, mbali kabisa kwenye barabara ya Mwimbi, na magunia ya mahindi nyuma ili uzito uwe uleule. Baba akashuka, akagusa. Baridi kabisa. Fundi Deus akajisifu njia nzima ya kurudi.

Jumamosi ya bibi, chwii.

"Mzee," Fundi Deus alisema safari hiyo, anafuta mikono kwa tambara, "mimi hewa nimetoa. Mafuta ya breki mazima, springi nzima. Hili gari lako labda lina mtu."

Alikuwa anatania. Baba alicheka, na mama aliyekuwa anapepeta maharage pembeni akacheka pia. Mimi sikucheka. Mtoto wa Sumbawanga hakuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya maneno kama hayo. Wageni walikuwa wanatutania kwa uchawi tangu tukiwa wadogo, nasi tukicheka nao huku tunaogopa. Na mtaa wa pili kutoka kwetu kulikuwa na bibi mmoja aliyewahi kusemwa. Kwanza sisi watoto tulikatazwa kupita kwake. Kisha watu wazima wakaacha kununua mboga zake. Mwisho siku moja tukakuta mlango wake una kufuli, na nilipouliza amekwenda wapi hakuna aliyenijibu.

Sasa nikaanza kupiga hesabu zangu za kitoto. Padre akienda na mahindi, haungui. Akienda na mbao, haungui. Akienda na bibi, anaungua, tena upande wa bibi tu, gurudumu lililo chini yake kabisa. Halafu nikakumbuka maneno yake mwenyewe. Kulikuwa na mahali njiani, kwenye majani marefu, pamebaki magofu ya matanuri ya udongo ambayo wazee wetu waliyatumia kuyeyushia chuma. Bibi hakupita pale bila kunigusa bega. Baba yake na baba zake wadogo walikuwa watu wa kazi hiyo, alinieleza, wenye kikapu chao cha dawa na miiko yao, na chuma kiliwatii. "Chuma kina masikio," alisema. "Kinawajua watu wake." Na kila mteremko mrefu ulipoanza, bibi alinong'ona kwa Kifipa kile cha ndani, ambacho mimi mtoto wa mjini sikukipata vizuri. Leo najua alikuwa anamwomba Mungu tusife. Siku zile niliamini anazungumza na gurudumu.

Sikumchukia. Hilo nataka mlielewe. Nilimpenda bibi kuliko mtu yeyote pale nyumbani, ndiye aliyenifichia mahindi ya kuchoma kwenye pindo la khanga, ndiye aliyenisuka bila kunivuta. Nilidhani tu kwamba ni mchawi kwa bahati mbaya, kama mtu anavyozaliwa na kigugumizi. Kazi yangu ikawa kuhakikisha hakuna mwingine atakayejua.

Kwa hiyo baba aliponikalisha kwenye karakana siku moja na kuniuliza, kama mtu mzima anavyomuuliza mwenzake, "Wewe unakaa pale katikati. Huwa unasikia nini? Linaanza wapi?" nilimtazama machoni nikasema sijui. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza mkubwa. Akanishukuru, na hiyo shukrani iliniuma kuliko fimbo.

Kisha nikapata akili ya maji. Nyuma ya pikapu kulikuwa na dumu la maji kwa ajili ya rejeta. Mwenye kushuka wa kwanza nilikuwa mimi, na upande wa kushoto ndio niliotokea. Basi Jumamosi iliyofuata, baada ya kuweka jiwe, kabla baba hajazunguka, nikamimina maji kwenye gurudumu. Mvuke ukapanda, nikaupepea kwa sketi. Baba alipofika na kugusa, akashangaa. "Leo afadhali," alisema. Bibi anashuka taratibu, hajui kwamba nimemwokoa. Niliimba njia nzima ya kurudi.

Safari ya tatu ya maji, chuma cha gurudumu kikalia ta! kama chungu kinapopasuka motoni. Nikatazama, sikuona kitu. Nikanyamaza.

Siku chache baadaye baba alisema pedali inamrukia mguuni. Akafungua. Alikaa na lile dramu mapajani muda mrefu, analigeuza kuelekea mwangani. Ufa mwembamba ulitoka ukingoni ukaenda mpaka karibu na katikati. Mama akaitwa, Fundi Deus akaitwa. Hakuna aliyetania safari hii. Dramu likipasuka mteremkoni, alisema Fundi Deus, hapo hamna breki na pengine hamna gurudumu.

Baba aliamua jioni ileile. Alimweleza mama kwa sauti ya chini, lakini kuta zetu zilikuwa za mbao na mbao zenyewe alizipanga yeye. "Nimeshindwa," alisema. "Gari nisilolielewa siwezi kumpakia mama yako wala mtoto." Kulikuwa na mtu wa Chala aliyekuwa anamtaka Padre siku nyingi. Angekuja kumchukua Ijumaa.

Bibi alipoambiwa hakulalamika. Alisema tu kwamba yeye, basi, atarudi kwake na kukaa hukohuko. Hawezi kuishi mahali ambapo hawezi kwenda kufungua mlango wake. Mama alilia, akamkumbusha miguu yake, akamkumbusha kisima kilivyo mbali. Bibi akaanza kukunja vitenge. Nilimwona akipima begi lake kwa macho, kisha akiniangalia mimi, kisha akitazama pembeni, na nikaelewa kwamba kwa kumficha nimemfukuza.

Alhamisi mchana nilikwenda kwenye karakana. Fundi Deus alikuwa amepata dramu jingine kutoka kwenye pikapu moja iliyokufa, na baba alikuwa anamfungia Padre, maana alisema hawezi kumuuzia mtu kifo. Gari liko juu ya jeki. Lile dramu bovu limeegemezwa ukutani.

"Baba, usimuuze Padre."

"Kaa mbali na jeki."

"Padre hana ubovu."

"Anaungua lakini hana ubovu?"

"Ni bibi."

Akaweka spana chini. "Bibi amefanya nini?"

Nikabubujika. Nilisema yote kwa mara moja, mahindi, mbao, upande wa kushoto, matanuri, chuma chenye masikio, kunong'ona. "Lakini hafanyi makusudi, baba. Hajui. Usimwambie mtu, watafunga nyumba yake kufuli."

Mtu mwingine angecheka, au angenifukuza. Baba alikuna kidevu kama anavyofanya mteja anapomweleza kabati asiloliona kichwani. "Upande wake," alisema. "Na akiwepo tu." "Akikaa, huwa anakaaje? Mimi sijawahi kumwangalia. Hebu ingia unionyeshe."

Nikaingia mahali pa bibi. Baba akabaki nyuma, anazungusha lile gurudumu kwa mkono, namsikia tu.

"Miguu anaweka hivi," nikapiga kelele. "Kitenge hivi. Rozari iko mkono huu."

"Na mkono mwingine?"

"Huu anashika hiki."

"Hiki kipi?"

"Hiki cha wazee. Cha katikati."

Gurudumu likaendelea kuzunguka, swii, swii. "Hebu shika kama anavyoshika," baba alisema polepole.

Nikaweka kidole gumba juu ya kitufe, nikavuta kwangu. Swii ikakatika.

"Achia." Likazunguka. "Vuta." Likasimama. "Achia. Vuta. Achia." Nilifanya hivyo mpaka mkono ukachoka. Kisha nikaona miguu ya baba ikiingia uvunguni, na baada ya muda sauti yake ikatoka huko chini kama ya mtu aliye kanisani. Waya wa kulia ulikuwa umekatika zamani, kutu tupu. Wa kushoto ulikuwa mzima. Peke yake haukuwa na nguvu ya kushikilia gari mlimani, ila nguvu ya kusugua gurudumu moja kutoka Izia mpaka kwa bibi ilikuwa nayo tele.

Alitoka chini akiwa na vumbi la mbao kwenye nywele, akakaa ardhini, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemeza kichwa kwenye bodi ya Padre na kufuta macho. Miezi yote ile, springi, raba, beringi, hewa ya Fundi Deus! Nami nikacheka, kwa sababu nilielewa jambo moja tu katika yote yale, kwamba bibi si mchawi. Katika furaha hiyo nikajisahau.

"Na yale maji nisingemwaga," nikasema.

"Maji gani?"

Nikamwambia maji gani.

Kicheko kilikatika kama mlio wa lile gurudumu. Baba alitazama dramu bovu pale ukutani, akanitazama mimi. "Chuma cha moto ukimwagia maji ya baridi," alisema, "unajua ungetuua? Mimi, wewe, na bibi yako mwenyewe? Nilikuuliza. Nilikukalisha hapa nikakuuliza." Akasimama. Akaenda kwenye benchi lake na kuchukua ule ubao mwembamba wa kupimia. Alikuwa amenipiga mara moja tu maishani, na nilistahili. Nilijua na hii ninastahili, nikanyoosha mikono.

"Baba, mwache mtoto. Mkono ni wangu."

Bibi alikuwa mlangoni. Alikuwa amekaa nyuma ya ukuta tangu mwanzo, anachambua maharage ya kuondoka nayo, na ukuta wetu mnaujua. Khanga iko mabegani, uso wazi, mkongojo kauacha. Alikuwa anazungumza na baba. Si na mimi. Na baba.

Baba aligeukia ukuta haraka, ubao mkononi.

"Mimi nilidhani ni pa kushika," bibi aliendelea. "Naogopa gari. Hilo ningelisema kwa nani? Na huyu hapa alidhani bibi yake ni mchawi, bado akakaa karibu yangu, akanifunika. Umewahi kumwona mtu wa kumficha mchawi? Ukimpiga huyu, nipige na mimi."

Kuku aliingia, akatuangalia, akatoka. Kisha baba, uso bado ukutani, akaweka ubao chini, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu mara tatu.

"Nimesikia, mama," alisema.

Mimi kwa mazoea nikafungua mdomo kufanya kazi yangu. "Bibi, baba anasema..."

"Nimemsikia," alisema bibi, akajivuta khanga usoni na kurudi kwenye maharage yake.

Hayo ndiyo maneno pekee niliyowahi kuwasikia wakiambiana wao kwa wao, mpaka bibi anafariki miaka mingi baadaye. Mtu wa Chala alitumiwa ujumbe kwamba Padre hauzwi. Vitenge vikakunjuliwa. Baba akaukata na ule waya wa kushoto, na kwa siku mbili alichonga kishikio cha mninga, laini, kimepigwa vanishi, akakifunga kwenye mlango upande wa bibi. Akanituma: "Mwambie bibi yako kile ni chake." Bibi alikisifu sana. Alisema, mwambie baba yako Mungu ambariki, kazi nzuri.

Jumamosi tukaondoka. Nilikuwa ukuta kama kawaida, kitenge magotini. Ulipoanza mteremko wa kwanza, bibi alikitazama kile kishikio kizuri cha mninga, akatazama jinsi mlango mzima wa Padre ulivyokuwa unatikisika nacho, na mkono wake ukaniingilia chini ya kitenge, ukautafuta mkono wangu wa kushoto, ukaukamata. Barabara ikiinama, anauvuta kwake. Tukiingia kwenye mashimo, anauvuta kwake, na nguvu za kulima ulezi miaka hamsini zilikuwa bado zimo katika vidole vile. Sikutoa sauti.

Tukafika. Nikaruka dirishani, nikaweka jiwe. "Tayari!" Baba akazunguka, akasogeza mgongo wa mkono, akagusa gurudumu, akaacha mkono palepale, anatabasamu. "Baridi," alisema. Mimi nilikuwa nimeshaficha mkono wangu mgongoni, vidole vyote vyekundu na vinawaka, asije akaviona na kumtengenezea bibi kishikio kingine.